Miwani ya Kijani Aliyonificha Mume Wangu

Nina umri wa miaka arobaini na sita. Ni mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Ukija sasa hivi ukasimama mbele yangu, nitayaona masikio yako, nitayaona mabega yako, nitaviona hata viatu vyako... lakini uso wako sitauona. Pale penye uso mimi naona doa jeusi. Nikiligeuza jicho kulifuata, doa nalo linageuka.

Sikuzaliwa hivi, ndugu wasomaji. Wala sikuugua. Macho yangu yalichomwa, na aliyejua kwamba yatachomwa ni mtu niliyekuwa nikilala naye kitanda kimoja.

Haya nayasema kwa mdomo, binti yangu mkubwa anayaandika. Nimemwomba asipunguze neno, hata pale anaposikia uchungu kwa sababu ninayemsema ni baba yake.

Jina langu ni Perusi. Nilizaliwa Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, pale treni inaposimama kidogo tu halafu inaondoka. Baba alikuwa kibarua wa reli. Mama alitutoka wakati mdogo wangu Tabita hajaanza hata shule. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, nikamlisha, nikamsuka, nikamfundisha kusali. Kijijini walimwita mtoto wa Perusi, na wala hakukataa.

Nilipokuja Dodoma mjini kukaa na shangazi, nikakutana na Elia. Alikuwa kijana mpole wa maneno, lakini mikono yake haikujua kutulia. Alikuwa amejifunza kukata na kung'arisha vito kwa fundi mmoja mjini. Akanipenda, nikampenda, tukafunga ndoa kanisani. Baba alifurahi sana. Nani hakufurahi siku ile?

Hizo ndizo zilikuwa enzi za ruksa. Juzi tu mtu akikutwa na jiwe mfukoni alikuwa mhalifu, mara amekuwa mfanyabiashara mwenye leseni yake! Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa mitumba na redio. Wachimbaji wakateremka kutoka milimani na mawe yao kwenye makopo ya maziwa ya unga, na Elia akafungua karakana katika chumba cha mbele cha nyumba yetu.

Mawe yetu yalikuwa rubi za daraja la chini, nyekundu nzito, zisizopitisha mwanga. Kwa pete hazikufaa. Lakini ukizitoboa zikawa shanga, wageni walizigombania. Shida ilikuwa kuzitoboa. Rubi si jiwe la mchezo, katika mawe inayoishinda kwa ugumu ni almasi. Tulikuwa na keekee yenye ncha ya unga wa almasi, tukiidondoshea maji tone kwa tone. Unaanza shanga moja kabla ya kuinjika uji, uji unaiva, unanywewa, vyombo vinaoshwa, na wewe bado uko kwenye shanga ile ile. Na mwisho wa yote... kach! Jiwe linapasuka.

Kazi yangu ilikuwa kuchambua mawe. Mungu alinijalia macho, jamani. Niliuona ufa mwembamba kama unywele ndani ya jiwe ambalo wengine waliliona zima. Elia alikuwa akiwaambia wanunuzi, "Mke wangu ana jicho la mwewe." Nilikuwa nikijisikia kama nimevishwa taji.

Mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa akinunua shanga zetu akakubaliana na Elia waingie ubia. Yeye angeleta mashine ya leza iliyokwisha kutumika ng'ambo, Elia angetoa chumba na nguvu kazi. Ilikuja na lori, ndani ya sanduku kubwa la mbao, na wanaume wa mtaa mzima wakaitwa kuishusha. Pamoja nayo alikuja fundi kutoka Dar, kijana aliyeitwa Kasimu, aliyesomea mashine za namna hiyo.

Kasimu alikaa kwetu siku kadhaa akiifunga na kumfundisha Elia. Mimi nilikuwa uani napika. Chumba kilifungwa kwa sababu ya vumbi, mnajua upepo wetu wa Dodoma. Nilichosikia ni sauti za wanaume wawili wakizungumza ndani, sikusikia walichosema. Laiti ningeacha ugali uungue nikaingia kusikiliza! Laiti...

Kasimu alipoondoka, Elia aliniita nikaone. Leza ni mwanga uliokusanywa ukabanwa ukawa kama sindano. Unaliweka jiwe chini ya lenzi, unakanyaga pedali, unasikia tak-tak-tak, cheche nyeupe inaruka, kimoshi kidogo, basi. Tundu limepita! Tundu jembamba la kupitisha uzi wa kushonea, ndani ya jiwe ambalo msumeno wa chuma ungeteleza juu yake bila kuacha hata alama. Nilipiga kigelegele peke yangu mle ndani. Niliona umaskini wetu umekwisha.

Majirani walikuja kushangaa. Baada ya muda mbia wetu akaanza kutuletea na vipete vyeupe vya kauri, si kauri ya vikombe hii, bali kauri ngumu ajabu, vya kupitishia nyuzi kwenye mashine za viwanda vya nguo. Navyo tulivitoboa. Kazi ikawa nyingi, mashine ikinguruma kutwa, mirija ya maji ya kuipoza ikitetemeka kama mishipa ya mtu.

Elia alipokuwa kwenye mashine alivaa miwani ya kijani, mizito, iliyofunika hadi pembeni mwa macho. Siku moja nikamuuliza mimi yangu iko wapi.

"Hii ni ya anayekanyaga pedali," akaniambia. "Wewe unapanga mawe tu."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Mume wangu ndiye aliyefundishwa.

Juu ya mahali pa kuwekea jiwe palikuwa na kifuniko chenye kioo cheusi. Kifuniko kikiwa wazi, mashine haiwaki. Mwanzoni tulikifuata vizuri. Lakini oda zilipozidi, Elia akaanza kulalamika kwamba kufungua na kufunga kunamchelewesha. Akaunganisha waya mmoja nyuma, mashine ikakubali kuwaka hata kifuniko kikiwa wazi. Akacheka, akasema watu wa ng'ambo wanaogopa hata kivuli chao. Toka hapo mimi nikawa ninainama karibu kabisa, nimeshika jiwe kwa kikoleo cha chuma, namwambia hapa, sogeza kidogo, haya piga. Kwa macho yangu tulifanya kazi ya watu wengi.

Ilikuwa mchana, upepo unavuma nje. Nimeinama. Elia akakanyaga pedali. Nikasikia pwa! Ndani ya jicho langu la kulia, kama bisi inapopasuka kikaangoni.

Hapakuwa na maumivu. Wallahi, hata kuwasha hakukuwepo.

"Elia, jicho langu!"

"Limefanya nini?"

"Kitu kimepasuka ndani."

Alinivuta mlangoni kwenye mwanga, akalitazama. "Mbona liko zima? Hata wekundu halina."

Lakini mimi niliona ukungu mwekundu unashuka, kisha ukatulia ukawa doa. Nikafumba jicho la kushoto nikamtazama mume wangu, na mume wangu hakuwa na pua wala mdomo. Nilipomwambia hivyo alinyamaza kimya. Nilidhani ni huruma. Leo najua ilikuwa ni hofu.

Wakati ule nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa tatu. Elia alinipeleka hospitali mjini. Daktari akanimulika, akasema nyuma ya jicho kuna kidonda. Akaniuliza, "Mama, unafanya kazi gani?"

Kabla sijafungua mdomo, Elia akadakia. "Ni mama wa nyumbani, daktari. Ana tabia ya kuwatazama mafundi wa kuchomelea vyuma pale jirani."

Niligeuka kumtazama kwa mshangao. Chini ya meza akanibana mkono. Mpaka mifupa ya vidole ikauma. Daktari akaandika alichoambiwa.

Tulipotoka nikamuuliza kwa nini amesema uongo. Akanijibu kwamba serikali ikisikia mtu ameumia itaifunga karakana, na watoto wetu watalala njaa. Alisema kwa upole, macho yakimlengalenga. Nikamhurumia! Mimi niliyeumia ndiye niliyemhurumia yeye.

Baada ya muda nikarudi kwenye kiti changu, nikiwa na jicho moja. Alinibembeleza, akasema hata na jicho moja nawashinda wenye mawili. Je, ningekataa vipi? Mbia alikuwa anapiga simu dukani kwa jirani kila mara kuuliza mzigo. Na moyoni nilijiambia kwamba lile la kwanza lilikuwa bahati mbaya, haliwezi kujirudia.

Lilijirudia. Mlio ule ule, pwa, safari hii kushoto. Nilipiga kelele kabla hata giza halijaja, kwa sababu nilijua linakuja.

Hospitali hakunipeleka tena. Alinipeleka kwa mganga, mbali huko upande wa Bahi, akasema ni husuda ya majirani. Nikafukizwa moshi, nikachanjwa. Nikarudi kama nilivyokwenda, isipokuwa nilikuwa na chale.

Aliyenionea uchungu ni jirani yetu Bi Mwanaidi, mama wa makamo, mzaliwa wa Kondoa, aliyekuwa akiuza vitumbua kwenye baraza yake. Alikuja akakaa kwenye mkeka wangu, akasema, "Perusi mwanangu, mchawi gani huyu anayeroga macho tu, tena mchana kweupe, tena ukiwa kazini?"

Ni yeye aliyenishika mkono akanipeleka hospitali ya macho ya misheni. Daktari wa kule alinichunguza kwa muda mrefu. Akaniambia taratibu kwamba katikati ya macho yote mawili pameungua pakafanya kovu, na kovu lile halina miwani wala upasuaji wa kuliondoa. Bi Mwanaidi alilia kwa sauti. Mimi nilikaa tu. Machozi yalikataa kutoka.

Nikajifungua mtoto wa kiume. Wakaniwekea kifuani. Niliviona vidole vyake vya miguu nilipoutazama ukuta. Nilipotaka kuuona uso wake, doa likamfunika. Nikageuza kichwa hivi, nikakigeuza hivi... Muuguzi akaniuliza, "Mama, mbona humtazami mwanao?" Nimjibu nini? Mwanangu yule leo sauti imekuwa nzito ya kiume, na sijawahi kujua anafanana na nani.

Tabita alikuwa amemaliza kidato cha nne. Nikamwita aje anisaidie mtoto. Alikuja akiimba, yule msichana, nyumba ikapata uhai. Lakini haukupita muda mrefu, Elia akaanza kumwita karakanani. Mara amfundishe kuchambua, mara ashike jiwe. Mwisho akamkalisha kwenye kiti changu. Akamshonea koti jeupe. Wanunuzi wakamwita fundi, naye akicheka mpaka huku uani nasikia.

Sikuwa na wasiwasi, ndugu zangu. Nilifurahi! Niliamini ugonjwa ule ulikuwa wangu mimi, umeandikwa kwangu. Nani angefikiri kwamba ni wa kiti kile?

Mpaka siku aliporudi Kasimu, yule fundi wa Dar, kubadilisha taa ya ndani ya mashine. Alinikuta uani nachambua maharage kwa vidole.

"Habari za siku nyingi, shemeji?"

Kumbe alikuwa amenyoosha mkono kunisalimia, mimi sikuuona. Akachutama mbele yangu. "Shemeji, macho yamepatwa na nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia na ule mlio.

"Ulikuwa umevaa miwani?"

"Miwani gani? Miwani si ni ya Elia?"

"Shemeji, niliacha miwani mbili!" "Nilimwambia kila kiumbe kinachoingia chumba kile kivae, hata kama ni paka. Mwanga ule hauonekani. Ile cheche unayoiona siyo mwanga wenyewe. Ukigonga chuma ukarudi jichoni, hakuna daktari wa kulirudisha. Nilimwambia kwa mdomo wangu, akaitikia."

Maharage yalimwagika yote.

Kasimu akaingia ndani, akaukuta waya, akaung'oa. Nikasikia wanagombana. Elia alimwambia abadilishe taa aondoke, mengine hayamhusu. Kasimu akakataa kuigusa mashine, akasema anakwenda kumwambia mbia. Sina shaka alimwambia. Lakini mbia alichofanya ni kutuma fundi mwingine, mzee asiyependa maneno, akabadilisha taa, na ule waya ukarudi mahali pake.

Siku ile ile ya Kasimu niliingia karakanani, nikapapasa ndani ya kabati. Chini ya vitambaa vya kung'arishia nikaipata ile miwani ya pili. Ilikuwa ndani ya mkoba wake, na nailoni yake bado iko juu! Haijawahi kuvaliwa na mtu. Nikaivaa. Nikaliokota jiwe la rubi nikalitazama kwa pembe ya jicho. Lilikuwa jeusi.

Nikamwendea nayo mkononi. "Elia, hii nini?"

Alikaa chini. Hakukana. Hilo ndilo lililoniua zaidi... kwamba hakukana.

"Ukiivaa hiyo, rubi inakuwa nyeusi kama mkaa," akasema. "Ungeuonaje ufa? Kazi ingelala."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua inaweza kumtokea mtu mmoja mmoja, Perusi. Sikujua itakuwa wewe."

"Mimi si mtu mmoja? Na Tabita?"

Alinyanyuka akaenda kuzungumza na mteja.

Wapo wanaume wanaowasaliti wake zao kwa hawara. Huyo hawara ana jina, unaweza kumchukia, unaweza hata kumfumania. Mimi nilisalitiwa kwa sababu ya haraka. Mume wangu alipima macho yangu na mzigo wa shanga, akaona shanga zina uzito zaidi.

Nilimkalisha Tabita nikamweleza yote. Nilitegemea atatupa lile koti jeupe pale pale. Badala yake akavuta pumzi, akasema, "Dada, shemeji ameniambia ungesema hivi."

"Amekuambia nini?"

"Kwamba tangu uache kiti kile huna raha. Dada, mimi nimepata kazi. Watu wananiheshimu. Unataka nirudi Gulwe nikalime uwele?"

Nilimpigia magoti. Mimi niliyemlea! Nikamwambia kama hawezi kuacha, basi aivae hii miwani, kwa ajili ya marehemu mama. Akaipokea. Akanikumbatia, akaniahidi.

Siku za mwanzo aliivaa, maana nilimsikia Elia akifoka kwamba anachelewesha, anapitisha mawe yenye nyufa. Baadaye kufoka kukapungua. Nikaingiwa na shaka. Kila alipokuwa akipita kwenda ndani nilimuuliza, "Tabita, umevaa?"

"Nimevaa, dada."

Nami namtazama usoni... na uso sioni! Niambieni, ningejuaje?

Nikaona nimlilie baba. Bi Mwanaidi akanisindikiza stesheni, nikapanda treni mpaka Gulwe. Baba nikamkuta amekaa barazani. Nikamsalimu kwa Kigogo, mbukwenyi, kisha nikamwamkia shikamoo, nikamweleza tangu mwanzo mpaka mwisho, nikamwomba amrudishe Tabita nyumbani.

Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Unasikia bati zinavyolia huko juu kwa jua?"

"Nazisikia, baba."

"Nani aliyeziweka?"

Ni Elia aliyeezeka nyumba ile.

"Mwanangu, ugonjwa ni mapenzi ya Mungu. Usiwaharibie wenzio kwa sababu wewe umepofuka. Rudi kwa mumeo."

Nilirudi. Ndani ya treni watu walikuwa wakinunua karanga na miwa, wakicheka, na mimi nilikuwa nikijiuliza kama kuna mtu duniani anayesikia maneno ya mwanamke asiyeona.

Haikuchukua muda. Nilikuwa uani, mtoto amelala. Nikasikia tak-tak-tak imekatika ghafla. Kisha nyayo za Tabita zinakuja, polepole, zikigonga ndoo, zikigonga kizingiti. Akasimama mbele yangu. Sauti iliyotoka haikuwa ya fundi. Ilikuwa ya yule mtoto mdogo niliyembeba mgongoni.

"Dada... kimepasuka."

Niliushika uso wake kwa mikono miwili. Nikapapasa machoni. Hapakuwa na miwani. Palikuwa na machozi tu.

Na si jicho moja, wasomaji. La kwanza lilikuwa limekwisha kuharibika nikiwa Gulwe. Akalificha! Aliona haya kuniambia kwamba nilisema kweli, akaendelea kufanya kazi na lile moja, akijipa moyo kama mimi nilivyojipa. Hospitali ya misheni ilikuwa ile ile, daktari yule yule. Aliposikia ni ndugu wawili wa nyumba moja, alipiga meza kwa kiganja. Safari hii tulisema kweli yote, na yeye akaandika kweli yote. Lakini ilikuwa imechelewa.

Tulipotoka kule tukakuta karakana iko wazi. Majirani wakatuambia lori lilikuja asubuhi, mashine imepakiwa, Elia amesema inakwenda Arusha kutengenezwa. Alimbusu mtoto, akamwachia Bi Mwanaidi, akapanda mbele kwa dereva. Hajarudi mpaka leo.

Nilikwenda ofisi ya ukaguzi wa viwanda kushitaki, nikiongozwa mkono. Ofisa aliyenisikiliza hakuwa mbaya. Aliuliza, "Mama, mashine iko wapi?" Nikamwambia imeondolewa. Akakohoa. "Hatuwezi kukagua chumba kitupu." Nikaenda ofisi nyingine, wakanituma kwa mkuu wa ile ya kwanza. Yule mbia alisema yeye alikodisha mashine tu, wafanyakazi si wake. Kasimu alikuwa amekwisha kuacha kazi kwake, na hakuna aliyejua alikokwenda. Nikachoka. Walionipokea walichoka kabla yangu.

Baba alikuja kumchukua Tabita. Alipomwona anavyopapasa ukuta, akakaa sakafuni. Nilidhani atanikumbatia. Akaniambia, "Ulijua, ukamwacha."

Mimi! Niliyemwendea hadi barazani kwake! Nilimwamkia, nikawasindikiza mpaka stesheni, treni ikaondoka nao. Baba alifariki baadaye bila ya kuliondoa neno lile.

Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyetaka kumwoa Tabita, posa ilikuwa imekwisha kupokelewa. Ndugu zake wakamshauri, akaiondoa posa yake. Siwalaumu. Nimeacha kulaumu watu, maana hainirudishii kitu.

Tulihama nyumba ile. Bi Mwanaidi alitupa chumba chake cha uani, hapa hapa Nkuhungu, na nikawa namkandia vitumbua, kazi isiyohitaji macho. Watoto wakakua. Naye Bi Mwanaidi ameshatangulia mbele ya haki, Mungu ampe pumziko jema. Sasa nakaanga mwenyewe, mikono yangu ina makovu ya mafuta.

Nimekwenda Gulwe mara nyingi kumwona Tabita. Huwa amekaa pale pale alipokuwa akikaa baba. Mara ya kwanza nilimletea zabibu, akazila taratibu, moja moja. Nilipoinuka kuaga akaniita.

"Dada, kwa nini hukunifunga kamba?"

Nikasimama.

"Nilikuwa mjinga. Wewe ulijua mimi ni mjinga. Kwa nini hukunifunga kwa kamba nisiende kule ndani?"

Tangu siku ile hajanizungumzisha tena zaidi ya kuitikia salamu. Nami swali lake sijalipatia jibu, sitawadanganya. Nalifikiria nikikanda unga, nalifikiria nikiwa kanisani.

Nimesikia kwa wasafiri kwamba Elia yuko kaskazini, ana karakana, na mashine mle ndani inafanya kazi. Wanasema anachukua wasichana kutoka vijijini, wenye macho makali. Mara mbili tatu nimewatuma watu wawaambie. Mmoja alirudi akasema wale wasichana walimcheka, wamevaa makoti meupe, wanapendeza.

Dada zangu, mama zangu, nawaomba. Ukikuta mwenzako amejikinga na wewe hukukingwa, usiulize kwa upole kama nilivyouliza mimi, wala usiridhike na jibu la kwanza. Toka chumba kile. Ukifika kwa daktari usimwachie mtu akujibie, hata kama amekuoa, hata kama anakubana mkono. Mwache auvunje mkono, mkono unaungwa. Nanyi wazazi mlioezekewa nyumba, msisikilize bati, msikilizeni mtoto wenu.

Na wewe unayesoma haya, kama uko huko kaskazini na unamfahamu msichana anayekaa kwenye mashine ya kutoboa mawe, msomee. Pengine atakucheka. Msomee hivyo hivyo. Na akikwambia kwamba amevaa miwani, tafadhali, wewe mwenye macho... mtazame usoni.